Tangi Linalovuja

Kifuniko cha birika kilikuwa kinagongagonga jikoni, na nje bado giza, Yunus alipobisha mlango wa Bibi Tuba. Alikuja kumpitia Farzam, mjukuu wa bibi huyo, waende pamoja kwenye mtihani wa hesabu wa kuingia chuo kikuu.

Farzam alimjibu akiwa bado ndani ya shuka. "Nenda kapange foleni na washamba wenzako. Geti halina miguu, halitakimbia. Na usinigongee tena usiku wote huu kama muuza maziwa."

Yunus aliinamisha kichwa tu. Bibi Tuba akampa mkate na jibini, akampitisha chini ya msahafu kama mtoto wa nyumbani, kisha akamwaga kikombe cha maji nyuma yake ili njia imrudishe salama.

Mwaka jana Farzam alikosa nafasi, akasema maswali yalitungwa na wajinga. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Akikosa, kabla baridi haijaingia atakuwa amevaa sare za jeshi la lazima, na bibi yake atabaki peke yake na birika lake.

Adhuhuri, Yunus na mwenzao Behrang walipotoka ukumbini, walimkuta Farzam ameegemea ukuta wa nje, mikono kifuani.

"Mlikuwa mmelala humo ndani?" akawauliza.

Wakaenda wote kwa Bibi Tuba. Akawawekea tikiti kwenye kitanda cha uani, chini ya mzabibu, wakaanza kulinganisha majibu.

Behrang alisema swali la kwanza alichagua jibu la pili. Farzam akacheka kwa puani, akasema jibu hilo watungaji waliwatilia mbuzi, nao mbuzi wamelila. Yunus alipotaja lake la pembetatu, Farzam akamuuliza alipiga hesabu kwa kichwa au kwa kandambili. Ikawa hivyo muda wote: wao wanataja, yeye anahukumu.

"Na lile la tangi linalovuja?" Yunus aliuliza, amekunja uso akijaribu kukumbuka.

"Jibu la tatu," Farzam akamkatiza. "Hilo hata mtoto wa chekechea angelifanya. Kama umelikosa, rudi kijijini ukachunge kondoo."

Behrang aliinua kichwa, akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, Yunus alimtia kipande cha tikiti mkononi.

"Kula, Behrang. Litapata joto."

"Mwoneni alivyopauka," Farzam akasema. "Hata swali lenyewe hakuliona."

"Kweli," Yunus akajibu polepole. "Nimekosea."

Bibi Tuba akaleta chai. Akawauliza kwa haya kuhusu ile keki wanayogawiwa watahiniwa ukumbini, pamoja na maji ya matunda. Wanawe wote walipofanya mtihani walimletea kipande, naye alikila kwa kuwaombea. Akamtazama mjukuu wake.

"Keki ya bure, Bibi?" Farzam akasema. "Mimi si ombaomba. Nimewatupia kunguru."

Bibi Tuba akajifuta mikono kwenye shuka lake la kichwani. Akasema haidhuru, kunguru nao wana riziki yao. Halafu akamwongezea Farzam sukari, maana alikuwa anajua anavyoipenda.

Behrang aliaga mapema. Yunus naye aliposimama kuondoka, Farzam akamsindikiza hadi mlangoni, akimwambia njia nzima kwamba wengine wamezaliwa wahandisi na wengine wamezaliwa wa kuwashikia kamba.

Mlangoni Yunus alitia mkono mfukoni, akatoa keki, imepondeka kidogo lakini bado ndani ya karatasi yake.

"Mpe Bibi. Mwambie ulikuwa unamtania."

"Kale na kondoo wako."

Yunus hakuurudisha mkono. "Swali la tangi lilikuwa la mtihani wa majaribio wa wiki jana, Farzam. Nilichanganya. Leo halikuwamo."

Ndani, Bibi Tuba alisikika akiosha vikombe. Farzam akaipokea keki kwa mikono miwili.

"Walilifunga geti nikiwa ng'ambo ya barabara," akasema. "Kumwambia Bibi sitaweza peke yangu. Kesho alfajiri, uje tena kunigongea."