Zamu ya Hiske

"Karibu, Mheshimiwa, karibu ndani, usisimame mlangoni utaganda," alisema Mwalimu Sytske, na kabla mgeni hajajibu alikuwa ameshamshika mkono na kumvuta hadi katikati ya darasa.

Mgeni alikuwa mtu wa makamo, amevaa tai nyekundu na koti lililonyooka, mkoba wa ngozi kwapani. "Mimi nimekuja kwa ajili ya..."

"Tunajua ulichokujia. Tumejiandaa."

Akamkalisha kwenye kiti kikubwa pekee. Watoto walimzunguka nusu duara, wamevaa makoti na skafu zao, maana boila ya kupashia shule joto ilikuwa imezimika tangu Jumapili na mabomba ya ukutani yalikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Hii ilikuwa siku ya ukaguzi, siku ya kufa na kupona. Mkaguzi wa mwaka jana, watoto walimpokea kama bata waliorushiwa mahindi: wote walisema kwa pamoja, hakuna aliyesikiliza, na mmoja alijibu maswali ambayo hayajaulizwa. Bibi wa watu aliondoka ameshika kichwa. Wakuu wa elimu wakasema wazi kwamba watoto hao wasipojifunza kuzungumza na watu, shule yao ndogo ya hapo kijijini, jimboni Friesland, Uholanzi, itafungwa, nao watapelekwa mjini kwa basi.

Basi Sytske akakaza kibwebwe. Mtazame anayesema. Msikilize hadi mwisho. Usitunge jibu lako wakati mwenzako bado anatoa lake. Ukiuliza, uliza kutokana na ulichosikia. Aliwaambia hayo asubuhi darasani, akawaambia wakila mkate na jibini, akawafuata hadi mferejini walikokuwa wakiteleza kwenye barafu, akawaambia tena. Mumewe alisema hajapata kuona mtu anayeongea kiasi kile kuhusu kunyamaza.

Sytske alikuwa akimmiminia mgeni kahawa mlango ulipogongwa tena. Kizingitini alisimama mwanamume mwenye jaketi kuukuu, suruali imerukiwa matope ya baiskeli.

"Habari za asubuhi, natokea..."

"Afadhali umefika," Sytske akamnong'oneza. "Boila iko chini kabisa, ngazi za kushoto. Tochi na spana ziko rafuni."

Mtu yule akazitazama ngazi, akamtazama mwalimu, akafumbua kinywa. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Darasani mambo yalikuwa yameanza kunoga. Mtoto mmoja alikuwa ameuliza kwa adabu kwa nini mgeni amependeza vile, naye, baada ya kumtazama mwalimu kwa wasiwasi kidogo, akasema jioni ataenda kwenye sherehe ya kuzaliwa ya dada yake. Hawajaongea kwa miaka mingi. Waligombana juu ya kasuku aliyeachwa na marehemu mama yao.

Mwaka jana, kufikia hapo, kila mtoto angeshataja kasuku, paka na sungura wa kwao. Safari hii walitulia tuli. Sytske aliona magoti ya Jelmer yakitetemeka kwa hamu ya kusema, lakini mdomo wa Jelmer ulibaki umefungwa, na mwalimu nusura ampigie makofi.

"Kasuku mwenyewe alikuwa akisema nini?" Jelmer aliuliza zamu yake ilipofika.

"Alikuwa akisema, 'Wiebren, futa miguu.' Kwa sauti ya mama kabisa."

Darasa zima likaangua kicheko, na mgeni akacheka kuliko wote, hata kahawa ikamwagikia kisahani. Kicheko kilipotulia, mtoto mwingine akauliza dada yake alisema nini siku ile ya ugomvi.

Mgeni, Bwana Wiebren, akakizungusha kikombe chake. Watoto wakamsubiri, wakimtazama bila haraka.

"Sijui," akasema mwishowe. "Sikumsikiliza."

Wakamshauri. Aanze kwa kumuuliza habari zake. Asitumie neno "lakini". Akijibiwa kwa ukali, apumue kwanza. Bwana Wiebren alifanya mazoezi na Jelmer, aliyejifanya dada kwa sauti nyembamba, na wote wakacheka tena mpaka machozi. Wakati huohuo mabomba ya ukutani yakaguruma, yakakohoa, na joto likaanza kusambaa. Makoti yakavuliwa. Sytske alijiona anaelea. Boila imepona, watoto wanazungumza kama mabalozi, na mkaguzi anajipangusa macho kwa tai yake.

Hiske alikuwa ameinua mkono muda mrefu. Kila alipotaka kusema, Sytske alimwashiria asubiri. Sasa akampa nafasi.

Hiske alimgeukia mgeni na kumtazama usoni, kama alivyofundishwa. "Ulipoingia ulianza kusema kitu, hukukimaliza. Ulitaka kusema nini?"

"Asante kwa kuuliza," alisema Bwana Wiebren, na akaufungua mkoba wake, vyuma vikagongana ndani yake. "Nilitaka kusema nimekuja kutengeneza boila."

Sytske aliyageukia mabomba, ambayo sasa yalikuwa ya moto kabisa.

Mlango ukafunguliwa. Yule mtu wa jaketi kuukuu aliingia, masizi hadi kwenye nyusi, akijifuta mikono kwa leso.

"Ilikuwa vali tu," alisema kwa upole. "Sasa, Mwalimu, kama hutajali, naweza kuanza kuwakagua watoto?"