Isale la Mpakani

Shamba ambalo mbega watalala siku arobaini mfululizo linakuwa lao, na binadamu anapewa chumba mjini. Ndiyo sheria, mlimani kote. Mjane Aikande hakuiogopa, maana mbega hawakuwahi kukipenda kihamba chake, ile migomba alikozikwa mumewe. Mwaka huu wakaja. Wakaukalia mti wa mruka ulio juu ya kaburi, na kila alipowafukuza walirudi kama walioalikwa.

Asubuhi ya arobaini na moja aliusogelea mti ule kuuaga. Shina lilikuwa na ukoga mweupe. Akaugusa kwa kidole, akakilamba. Magadi! Chumvi wanayoifuata mbega popote; magadi yake mwenyewe ya kulainishia maharage, yaliyokuwa yakiisha upesi koponi hadi akadhani ni uzee unamsahaulisha.

Mwanawe Aminieli alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Nimechoka na jembe. Wewe usingekubali kuhama."

Aikande alilitazama jani. Tangu enzi za mababu, Mchaga akiletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama ameuliwa ndugu.

"Umelichuma wapi?"

"Hapo mpakani petu."

"Petu?" Akacheka kicheko kikavu. "Umechuma shamba la watu, Aminieli. Jani hilo si letu la kuombana msamaha. Mrudishie mwenyewe."

Akanyoosha kidole juu ya mruka, ambako mbega mmoja mzee alikuwa akiwatazama, kama mwenye nyumba anayesubiri wageni waage.