Gamba la Swila

Wamesimulia waliotutangulia kwamba Swila alimeza mayai ya Kanga, kisha akajivua gamba. Alipofikishwa mbele ya Kadhi Kobe, alilitupa gamba lile barazani, akasema kwa furaha, "Mwizi ndiye huyu, Mheshimiwa, naye amekwisha kufa! Mimi nimezaliwa leo."

Kanga akaangua kilio. Kadhi hakufanya haraka.

"Inna lillahi," alisema. "Basi marehemu azikwe, na kichuguu alimokuwa akiishi apewe Kanga, kiwe fidia ya mayai yake."

"Kichuguu changu!" akafoka Swila.

"Chako tangu lini, mwanangu, nawe umezaliwa leo?"

Swila akalirukia gamba, akajiviringisha nalo, akapiga ukelele: "Ni mimi, Kadhi! Mimi ndiye niliyeyameza!"

"Allahu Akbar!" Kanga akarukaruka. "Marehemu amefufuka! Ahukumiwe!"