Kosa Moja, Karatasi Mbili

"Umeniibia!" Frank alifoka mbele ya jeneza la baba yao, akamnyang'anya dada yake Ursula karatasi.

Waombolezaji waliobanana chini ya turubai waligeuka kuwatazama. Hapa Chemba historia ya marehemu husomwa moja tu, na ndugu hawa walileta mbili. Atakayesoma ndiye ukoo utakayemtambua mahali pa baba.

Mama Paskazia, mzee wa kanisa, alizilinganisha. Zilifanana neno kwa neno.

"Hata kosa ni lilelile," alisema. "Zote zinasema Mwalimu Joshua ameacha watoto wanane. Mimi naona tisa. Marehemu mwenyewe alitufundisha darasani: Mathayo na Luka wakienda sambamba hivi, jua walikuwa na Marko mezani wakimnakili. Haya, Marko wenu ni nani?"

"Mimi," alisema Frank. "Huyu kanakili kwangu. Mama yake aliolewa hapa mama yangu akiwa kaburini, leo mtoto naye anataka kunipanda kichwani."

"Kaka, yangu uliichukua jana mezani," Ursula alijibu taratibu. "Na hesabu nimekosea mimi. Nilinakili kabla sijamaliza kusoma daftari la baba. Soma wewe, nimekuachia."

"Uniachie wewe? Mimi kifungua mimba wa nyumba hii? Daftari liko wapi?"

"Nyumbani."

"Na hilo kwapani ni Biblia?"

Watu wachache walicheka. Ursula alilibana zaidi chini ya khanga.

"Kaka, nakuomba. Tumzike baba kwanza."

"Mnamwona mwizi? Kama daftari lina hayo maneno, lisomwe hapa, kila mtu asikie!"

"Frank, mwache mwenzio," alisema Mama Paskazia.

Hakumwacha. Alimvuta mkono mpaka khanga ikaanguka vumbini, akalichomoa daftari. Ursula aliruka kulishika, wajomba wakamzuia. Alilia kuliko alivyolia tangu msiba uanze, na nyuma mtu akasema kwa sauti kwamba wezi ndivyo walivyo.

Frank aliwasha maikrofoni. Alipekua kurasa hadi akauona mwandiko wa baba yake chini ya neno Familia. Akasimama wima, akasoma kwa pumzi moja:

"Watoto niliowazaa ni wanane. Frank nilimkuta mgongoni kwa mama yake, ana miezi minne, nikampa jina langu. Asiambiwe."