Mpaka Kiini Kiwe Duara

Ti! Ti! Ti! Kisanduku kililia nikiwa bado sijafumbua macho. Seli zilikuwa zimegawanyika tena. Nilipofika jikoni, mke wangu Nasra alikuwa keshainamia kioo cha kukuzia, akimtazama ndani ya kisanduku mtoto wetu wa siku tatu, mdogo kuliko chembe ya chumvi.

"Njoo uone, baba mtoto. Viini vya seli saba vimeviringana kama gololi. Hiki cha nane bado ni vipande vipande, kama kitunguu saumu."

Sheria haikuwa na mzaha. Saa nne asubuhi mkaguzi hupita nyumba kwa nyumba, na mtoto mwenye kiini kisicho duara hapandikizwi tumboni. Huchukuliwa.

"Vitaungana," nilisema. "Seli ikigawanyika, kiini huanza hivyo."

"Vitaungana lini? Sasa ni saa tatu na nusu."

"Amenirithi mimi. Ukoo wetu hatukurupushwi. Mama alisema nilitembea nikiwa na miaka miwili."

"Na kuoa ulichelewa, na chai yenyewe unaichelewa!" Alicheka, kisha akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Vipande viwili viligusana, vikawa kimoja. Vilibaki vitano.

Hodi ikapigwa mlangoni, kabla ya wakati. Nasra akanishika mkono.

Nilikiinamia kisanduku. "Mwanangu, jiviringe polepole, usikimbizwe na mtu," nilimwambia kwa sauti, hata aliye nje asikie. "Mlango huu siufungui mpaka umalize."