Kilomita ya Kumi

Fundi cherehani alirudi nyumbani mapema, akasikia baiskeli yake ya mazoezi ikivuma chumbani. Akasukuma mlango.

Aliyeikalia ni mama mkwe wake, yule aliyeapa tangu avunjike nyonga kwamba miguu yake imekwisha kazi. Gauni kalifunga fundo magotini, jasho linamchuruzika kidevuni, mashavu ya miguu yanamtetemeka.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu mwezi jana, kila ukitoka. Usinisemeshe, mwanangu. Leo nazitaka kilomita kumi."

Fundi akabwaga mkoba, akapiga magoti mbele ya kioo cha baiskeli na kuanza kumsomea namba, moyo ukimwenda mbio kuliko gurudumu.

"Tisa nukta tisa, mama."

Mama mkwe akaachia kiti, akasimama wima juu ya pedali.