Mlango Usio na Kibali

Mkaguzi wa majengo ya kale hakuitikia salamu. Macho yake yalikuwa kwenye vumbi la chokaa lililoganda kwenye kandambili za mshonaji.

"Kuna ukarabati hapa?"

Mshonaji akajichekesha, akasema ni kufagiafagia tu. Katika mtaa ule wa kale hata msumari haupigiliwi ukutani bila kibali, na kibali cha kupanua mlango wa chumba cha mama yake, mkaguzi huyuhuyu alishakikataa mara mbili. Mara ya pili mshonaji alirudi nyumbani, akamwita fundi, ukuta ukabomolewa. Potelea mbali!

Sasa uwazi ule umefichwa kwa pazia jipya, na nyuma ya pazia mama yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, ameambiwa hata asikohoe.

Mkaguzi alipita sebuleni kama mwenyeji. Akasema nyumba za huku anazijua, zote zina milango ileile myembamba, hata ya kwake ya mtaa wa nyuma. Mshonaji akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, huku akisogea kidogokidogo mpaka akaliziba pazia kwa mgongo. Chai? Hataki. Kiti? Hataki. Mtu akikataa chai na kiti, ujue ana lake.

"Sogea, dada."

"Mama amelala, bwana mkaguzi."

"Sijalala," mama akajibu kutoka ndani. Bi mkubwa huyo hajapata kujua kudanganya, na siku hiyo hakuanza.

Mkaguzi akavuta pazia. Akatoa futi, akapima upana wa mlango, akapima tena. Akachutama, akapapasa sakafu pale kilipokuwa kizingiti. Mshonaji alikuwa keshaona uwazi ukizibwa, mama akirudi kuogeshwa kitandani kwa beseni, uso ameugeuzia ukutani kwa aibu. Machozi yalimlenga.

"Ukuta haukupasuka huku juu?"

"Fundi aliweka boriti."

"Fundi gani?"

Hapo mshonaji akauma mdomo. Kumtaja ni kumchongea. Akalikana neno lake la sasa hivi, akasema alibomoa mwenyewe, na kama ni kushtakiwa ashtakiwe yeye, lakini mlango ule hauzibwi mama yake akiwa hai.

Mkaguzi hakuandika kitu. Alimwomba bi mkubwa asukume kiti mpaka sebuleni, arudi chumbani, atoke tena. Bi mkubwa akafanya hivyo huku amefura, akauliza kama na gwaride nalo linahitaji kibali. Mkaguzi hakucheka. Akarudisha futi mfukoni.

"Niko na mzee kwenye gari," alisema. "Nataka aone mwenyewe."

Mzee! Kumbe kaja na bosi wake, basi leo nyumba inapigwa kufuli. Mshonaji akamfuata nje akiyapanga maneno ya kuombea, na yote yakamkimbia.

Mkaguzi akafungua buti ya gari, akashusha kiti cha magurudumu ambacho bado kilikuwa ndani ya nailoni yake. Kisha akafungua mlango wa abiria, akainama.

"Nishike shingo, baba," alisema. "Mlango wa hapa unapitika."